Salfa Kwenye Kiti cha Nyuma

Simtaji jina. Ningependa mdhani ni adabu, lakini sivyo. Jina lake nimeshalitaja vya kutosha, tena mbele za watu, na kila nilipolitaja lilitoka kinywani mwangu limechafuka. Kwa hiyo hapa nitamwita fundi tu, kama tulivyomwita sote mtaani kwetu Mtanda. Ukisema "gari nimelipeleka kwa fundi", hakuna aliyekuuliza fundi yupi, japo mji wa Lindi una mafundi kibao.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, na ndani yake sakafu ya saruji ambayo aliifagia mwenyewe kila asubuhi kabla hajagusa spana. Mafuta yakimwagika aliyanyunyizia pumba za mbao, akasubiri, akazoa. Ukutani palikuwa na msumari mmoja usiotundikwa kitu kingine chochote isipokuwa kofia yake nyeupe. Akiingia chini ya gari aliivua akaitundika, akitoka alinawa, akaivaa, ndipo akaongea na mwenye gari. Miaka tisa nilikuwa mteja wake na sikuwahi kuona doa kwenye ile kofia. Mimi mwenyewe nauza pembejeo za kilimo, na nguo zangu nyeupe hazimalizi wiki.

Hakupenda kuambiwa ugonjwa. Ukifika na maneno yako, "Fundi, naona pampu ya mafuta imekufa," alikutazama kama mtu aliyekatizwa sala. Alikusogezea kreti ya soda ukae, naye akakaa juu ya tairi.

"Usiniambie limekufa nini, mwanangu. Niambie limefanya nini."

Basi unaanza: nilitoka Nyangamara, nikafika kwenye kilima, likawa zito. Zito vipi? Kabla ya kilima au katikati? Ulikuwa umebeba nini? Hilo la mzigo hakuliacha kamwe. Akimaliza kusikiliza aliingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango taratibu, akakaa kimya bila kuwasha. Wengine walidhani anasoma dua. Nilimuuliza siku moja, akacheka.

"Naangalia unavyokaa humu. Kiti kinasema mengi kuliko mdomo."

Kifaa kibovu alichokitoa alikizungushia gazeti, akakukabidhi ukaende nacho nyumbani, hata kama ni fani belti iliyokatika vipande. Nilikuwa na kapu zima la vyuma uani kwangu, na mama yangu alipenda kuuliza kama siku moja nitaviunga nipate gari la pili.

Lakini desturi yake kubwa ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyoniponza. Fundi hakuwahi kumsema mwenye gari mbele ya watu. Mwalimu mmoja wa jirani aliwahi kutia petroli kwenye gari la dizeli, likazimika pale pale kituoni, likasukumwa mpaka gereji huku watu wakilifuata kwa mizaha. Fundi alinusa tangi, akafunga kifuniko, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mafuta ya siku hizi hayaeleweki." Watu wakatawanyika. Baadaye, walipobaki wawili, alimshukia mwalimu wa watu kwa maneno makali hata akaomba maji ya kunywa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kwa hiari yake, mwaka uliofuata.

Nami lilinifika. Nilitoka Mchinga hadi Lindi na breki ya mkono imevutwa, gari linanuka kama sufuria iliyoungua. Shemeji yangu alikuwepo, na shemeji huyo alikuwa akitafuta ushahidi kwamba mwanamke hafai kuendesha. Fundi alimwambia kebo ilikuwa imeng'ang'ania, gari lina umri. Shemeji alipoondoka, fundi aliniuliza macho yangu ninayatumia kwa kazi gani.

"Kosa la mwenye gari ni siri yake," alisema. "Mimi ni kama daktari. Utamsikia daktari anatangaza?"

Nilimshukuru. Ningejua siri hiyo itatumiwa na nani dhidi ya nani, sijui kama ningemshukuru.

Mnisamehe, naruka ruka. Niseme habari ya lile gari.

Nililipata Dar, kwa mtu aliyekuwa na mradi ukaisha. Pikapu ya haibridi, milango minne, nyeupe, injini na mota ya umeme kwa pamoja, betri kubwa imelala chini ya kiti cha nyuma. Niliingia nalo Mtanda kimya kimya, na kimya hicho kilikuwa balaa. Mara ya kwanza tu nilishuka nikafunga milango, nikaingia ndani kula, kumbe sijalizima. Nilidhani limezima kwa sababu halikuwa linaunguruma. Adhuhuri, mama anaanika mihogo uani, gari likajiwasha lenyewe injini, lichaji betri yake. Mama alitupa ungo akapiga kelele mpaka majirani wakaja, na mmoja wao alikuwa ameshaanza Ayatul Kursi nilipotoka na ufunguo mkononi.

Niliona haya kumpelekea fundi. Nilidhani mzee wa umri ule, aliyezoea injini za kupigwa nyundo, atalikataa. Alilizunguka mara mbili, akachungulia uvunguni, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa.

"Hizi ndizo zinazoua?"

"Wanasema hivyo, mzee."

"Basi niachie wiki mbili. Gari nenda nalo. Mimi niachie wiki mbili za kusoma."

Alisoma kwa simu. Alitafuta video za mafundi wa nchi za mbali, akazima sauti, maana lugha zao hazimhusu. "Naangalia mikono," aliniambia. Baada ya wiki mbili alikuwa na glavu nene za mpira alizoagiza, na ameshajua kwamba kabla ya kugusa waya wa chungwa unachomoa plagi ya usalama, unaitia mfukoni mwako, unasubiri. Yeye katika kusubiri alikwenda kusali, rakaa zake zote bila haraka, ndipo akarudi. Na mtu huyo huyo, aliyeingiza mikono palipo na umeme wa kuua ng'ombe, nyumbani kwake balbu ikiungua alimwita jirani aje aibadilishe. Aliogopa kupanda ngazi, alisema, lakini mkewe alikuwa na maelezo mengine.

Na baiskeli yake! Mzee aliyetuhubiria breki sisi sote aliendesha baiskeli isiyo na breki. Alisimama kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi la mbele, kandambili ya kulia ikalika ikawa nyembamba kama kadi. Ukimwambia, alisema atashughulikia Ijumaa. Sikumbuki Ijumaa yoyote.

Mawaidha yake juu ya gari lile ninayo yote kichwani, sikuandika hata moja. Betri ndogo usiidharau kwa kuwa iko kubwa. Ndogo ndiyo inayoliamsha gari, ikifa hiyo, ile kubwa imejaa lakini haina wa kuigongea mlango. Usiliache limesimama wiki nzima, hata kama huna safari, liwashe nusu saa lipate kuchaji. Breki zake hazichoki upesi kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo, na hilo ndilo tatizo lake kwetu sisi wa pwani: pedi hazifanyi kazi, chumvi inazishika, kutu inazigandisha. Kwa hiyo ukipata barabara tupu, kanyaga breki kwa nguvu mara tatu nne zijisugue, na kila baada ya miezi michache lete nizifungue nizipake grisi. Ukitoka ufukweni, osha uvungu kwa maji baridi, lakini kwenye nyaya za chungwa usielekeze mpira wa maji wenye presha. Kulanti, yale maji ya kupoza mota, ina kopo lake peke yake, usije ukajaza maji ya kisima, visima vyetu vina chumvi.

Halafu kiti cha nyuma. Ubavuni mwa kiti, chini, kuna tundu lenye wavu, kama mdomo wa redio. Alinipigisha magoti nilitazame.

"Hapa ndipo betri inapovutia hewa. Kuna feni ndani na kichujio. Kiti hiki ni cha watu. Salfa, saruji, unga wa muhogo, marufuku. Salfa hasa. Ikiingia humu itaziba, betri itapata homa, na ule unga unakula shaba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

"Haya magari ya zamani yakiumwa yanapiga kelele mtaa mzima unajua. Hili halisemi. Mwenye nalo ndiye aseme."

Niliahidi. Salfa ndiyo biashara yangu, ule unga wa manjano ambao wakulima wetu wanaupulizia mikorosho ikianza kutoa maua. Niliahidi nikijua hivyo.

Msimu ukafika. Barabara ya Nyangamara nilikuwa naipiga mara tatu kwa wiki. Bodi ya nyuma ilijaa mashine za kupulizia, madumu, na watu, maana huwezi kumwacha mama mwenye mtoto njiani ukasema gari ni la mzigo. Viroba vya salfa vikakosa pa kukaa. Siku ya kwanza nilivitandikia turubai kwenye kiti cha nyuma, nikajisemea ni leo tu. Siku ya pili turubai nililisahau. Baada ya hapo sikujisemea chochote. Kiroba kimoja kilikuwa kimetoboka pembeni, nami nilikuwa nakisukuma mpaka mwisho wa kiti, ubavuni, ili kisimwagike sakafuni. Nadhani mmeshaelewa kilikuwa kimeegemea wapi.

Katikati ya msimu nilimpelekea fundi afungue breki. Kabla ya kwenda nilivitoa viroba, nikafuta kiti kwa kitambaa chenye maji, nikanyunyiza manukato. Aliuliza, "Nyuma vipi, nisafishe kichujio?" Nikamwambia nina haraka, breki tu. Siku kumi baadaye, narudi kutoka Nyangamara, taa zikawaka dashibodi nzima, gari likaishiwa nguvu, likasimama. Lilivutwa kwa trekta mpaka lami, kisha kwa lori mpaka gereji kwa fundi.

Pale palikuwa na watu watano au sita, wateja wake, baadhi wanachama wenzangu wa kundi letu la wafanyabiashara kwenye simu. Nilikuwa nimechomwa na jua na nimeaibika kuvutwa na trekta mbele ya wakulima wangu. Nikapasua mdomo. Nilisema lilikuwa zima mpaka alipoligusa yeye. Nilisema haibridi si kazi ya mtu anayejifunzia kwenye simu, sauti yenyewe kaizima. Nilisema umri una mwisho wake. Hayo ya umri nilimwambia mtu ninayemwamkia shikamoo.

Fundi alitundika kofia. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti kwa shida, akabandua wavu, akaingiza kidole. Kisha akasimama, akakipangusa kidole kwenye suruali yake. Yeye, ambaye kwa miaka tisa sikumwona akifuta mkono kwa kitu kingine zaidi ya kitambaa cha kazi. Niliona. Naweza kujitetea kwamba sikuona alichopangusa, na kweli sikukiona, lakini ni kwa sababu niligeuza uso upande wa pili.

"Nipe siku mbili, mwanangu," alisema.

"Sikupi hata moja."

Akaivaa kofia yake. Watu wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, na kwa vile yeye hakujibu, mimi ndiye niliyeaminika.

Gari likabebwa hadi Mtwara, kwa fundi mwingine mwenye kompyuta ya kupimia. Kabla halijafika, mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi: jina lake, banda lake lilipo, na kwamba ameniulia gari, wenye magari ya kisasa wajihadhari. Wengi waliweka alama za kunipa pole. Kesho yake yule wa Mtwara akanipigia. Feni ya betri imeungua, kichujio kimejaa unga wa manjano, na sehemu za shaba zimeshaanza kuliwa.

"Mama, ulikuwa unabeba nini humu?"

Nilimjibu, "Sijui, nililinunua hivyo hivyo." Yaani hata yule ambaye simfahamu, aliye mbali, ambaye asingeniambia kitu, nilimdanganya. Nilipokwenda kulichukua alinipa ule unga kwenye mfuko wa nailoni, nusu ya kikombe. Feni iliyoungua hakunipa, si desturi yake. Mfuko niliopewa niliutupa njiani, kabla ya Mingoyo, nikaangalia kwanza nyuma kama kuna gari linanifuata.

Ungedhani mtu akishajua ukweli atafuta alichoandika. Ujumbe ulikuwepo, simu ilikuwa mkononi, maneno yanayotakiwa hayafiki kumi. Niliyaandika. Niliyaandika mara nyingi, nikayafuta. Kila siku iliyopita iliongeza ugumu, maana sasa ningeulizwa, tangu lini unajua? Nikaona bora watu wasahau. Na kweli habari waliisahau, ila kwa fundi hawakurudi. Wenye magari ya kisasa walianza, wenye magari ya zamani wakafuata. Ndani ya mwaka, banda lile lilikuwa la kuzibia pancha za pikipiki na baiskeli. Msumari ulikaa mtupu kutwa, kwa sababu kofia ilikuwa kichwani mwake, hakuna uvungu wa kuingia. Nikipita alininyanyulia mkono, mpaka nikabadilisha njia, nikawa nazungukia nyuma ya soko.

Hakusema. Hilo ndilo lililonitesa na ndilo lililonilinda. Kidole chake kilijua kila kitu, neno moja lingetosha, na siku ile ushahidi ulikuwa bado ndani ya wavu. Alinitunzia siri yangu kama alivyomtunzia mwalimu petroli yake, na mimi niliila ile heshima kama haki yangu.

Alikuja kwangu mwisho wa Shaabani, siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Siku hizo kwetu watu wanapitiana majumbani kuombana radhi, ili mtu aingie kwenye mfungo moyo wake mweupe. Nilikuwa barazani na jirani yangu, mama mwenye duka la vitambaa, tunachambua choroko. Ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi Nyangamara, gari limesimama palepale mbele yetu, bado lina joto. Tukasikia soli ya kandambili ikisugua tairi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Sikai. Nimekuja kwa jambo moja." Alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa nyeupe kama siku zote. "Mwezi unaingia, na umri ndio huu. Lile gari lako, mwanangu. Kama kuna mahali mkono wangu ulikosea, nimekuja kukuomba radhi."

Alisema akinitazama usoni, akasubiri. Jirani aliacha choroko. Alikuwemo kwenye lile kundi, alikuwa mmoja wa walionipa pole. Ningeweza kusema, pale pale, mbele ya shahidi aliyehitajika. Maneno yalikuwa tayari, niliyafanyia mazoezi mwaka mzima. Mdomo ukafunguka, nikasikia sauti yangu.

"Nimekusamehe, mzee."

"Alhamdulillahi," alisema.

Akageuka kama anayeondoka, kisha akalisogelea gari. Akaniomba nilifungue, niliwashe. Nikaliwasha. Alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti mchangani, safari hii ilimchukua muda, akaweka kiganja mbele ya ule wavu. Kiti kilikuwa kitupu na safi, hata mkeka sikuweka.

"Inavuta," alisema kwa sauti ndogo, ya kunifikia mimi tu. "Kumbe siku hizi unaisafisha."

"Naisafisha, mzee. Kila mwezi."

"Safi. Usiache."

Akafunga mlango taratibu, kama alivyofunga milango yote. Akapanda baiskeli, akateremka na njia ya sokoni, na kwenye kona nikaona mguu wa kulia ukishuka kwenye tairi.

Nilirudi barazani nikakaa. Jirani yangu alikuwa amejishika kifua, machozi yamemlengalenga.

"Shoga, una moyo mkubwa," aliniambia. "Baada ya yote yale aliyokufanyia?"

Nikamwambia ahsante, nikavuta ungo wa choroko karibu yangu.